UZI: Kompyuta ikimaliza kazi ndefu ikutumie ujumbe kwenye simu, na ujumbe useme ukweli

Kijenge_Juu ameandika:

Wakuu, habari za jioni.

Hapa Arusha tumejaa watu ambao kompyuta zetu zinafanya kazi za masaa. Kuna wanaorenda video (kompyuta inatengeneza faili la mwisho) za safari kwa ajili ya kampuni za utalii, kuna wanafunzi kule Tengeru wanaochakata data za utafiti, kuna vijana wanaotunza mifumo ya lodge na maduka. Na karibu kila ofisi ninayoingia nakuta jambo lilelile: mtu amekaa mbele ya skrini anaangalia asilimia zinavyopanda. Au ametoka kwenda kula, akirudi anakuta kazi ilikufa dakika tano tu baada ya yeye kuondoka kwa sababu diski ilijaa. Masaa ya mtu yamepotea, umeme umeliwa, na mteja anasubiri. Inaniuma kwa sababu dawa yake ni ya bure na ni mstari mmoja.

Kuna huduma inaitwa ntfy. Ni programu huria. Unaweka programu yake kwenye simu, iwe Android au iPhone, unajiunga na mada ambayo jina lake unalibuni mwenyewe, basi. Hufungui akaunti. Kwenye terminali ya kompyuta, yaani dirisha la kuandika amri, unatumia curl, programu ndogo ya kutuma data mtandaoni, unaandika hivi:

`curl -d "Video imeisha" ntfy.sh/kijenge-8hq2xw7m`

Simu inalia hapohapo. Sasa unaunganisha na kazi yako, mfano ffmpeg, programu ya kubadilisha video:

`ffmpeg -i ngorongoro.mov -c:v libx265 ngorongoro.mp4 && curl -d "Video imeisha" ntfy.sh/kijenge-8hq2xw7m`

Wengi wakifika hapa wanaridhika. Mimi naomba tusiridhike. Hizo alama `&&` zinasema "ya kwanza ikifaulu, ndipo ufanye ya pili". Maana yake kazi ikifeli hupati chochote, unabaki mjini unasubiri simu ambayo haitalia. Ukiweka `;` badala yake, utapata "imeisha" kwa hali yoyote, hata kama ffmpeg imekufa njiani. Unarudi mbio kutoka Soko Kuu kuja kukuta faili bovu.

Kwenye Linux na Mac kila amri ikiisha inaacha namba, kuanzia 0 hadi 255. Sifuri ni salama, nyingine yoyote ni tatizo. Namba hiyo ndiyo inayotakiwa kufika kwenye simu yako. Bandikeni hii kwenye faili la `~/.bashrc` (kwenye Mac za sasa ni `~/.zshrc`), kisha fungueni terminali upya:

```
arifu() {
  local jina="$1"; shift
  local mwanzo=$SECONDS
  "$@"
  local hali=$?
  local dakika=$(( (SECONDS - mwanzo) / 60 ))
  local neno="IMEFAULU"
  [ $hali -ne 0 ] && neno="IMEFELI, namba $hali"
  curl -s -m 20 -d "$jina: $neno, dakika $dakika" \
    ntfy.sh/kijenge-8hq2xw7m > /dev/null
  return $hali
}
```

Kuanzia hapo unaandika `arifu "Ngorongoro" ffmpeg -i ...` na unaondoka. Ujumbe utakuja na jina la kazi, matokeo yake, na muda uliotumika. Jina ni muhimu kuliko mnavyodhani. Ukiwa na kazi tatu kwenye mashine mbili, ujumbe wa "imeisha" peke yake haukusaidii kitu.

Tahadhari moja. Mada ya ntfy haina nenosiri, jina lenyewe ndilo ufunguo. Mtu akiita mada yake "arusha" au "test", yeyote duniani anaweza kusoma na hata kumtumia ujumbe. Wekeni herufi na namba zisizokisika, na msinakili hiyo ya kwangu hapo juu, ni ya mfano.

Karibuni mchangie.

---

Chalii_wa_Sakina ameandika:

Mkuu, nyuzi kama hizi ndizo tunazitaka jukwaani. Naweka kambi hapa.

Swali: mimi ni mtu wa Windows. Kazi yangu kubwa ni kuhamisha video za kamera kutoka kwenye kadi kwenda diski kubwa kila magari yakirudi kutoka porini. Natumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, na kadi zikiwa nyingi inakula jioni nzima. Hiyo curl ninayo?

---

Kijenge_Juu ameandika:

Unayo, kaka. Windows 10 za kuanzia mwaka 2018 zinakuja nayo. Ila ukiwa kwenye PowerShell andika `curl.exe` yote, kwa sababu kwenye zile PowerShell za zamani neno `curl` peke yake linaita kitu kingine kabisa na utapata makosa ya ajabu. Jaribu:

`robocopy E:\DCIM D:\Safari /E; curl.exe -d "Kadi: namba $LASTEXITCODE" ntfy.sh/mada-yako`

Na hapa sikiliza vizuri, maana robocopy haifuati ule utaratibu niliousema juu. Kwake 0 ni kwamba hakukuwa na kitu cha kunakili, 1 ni kwamba mafaili yamenakiliwa sawasawa. Zote hadi 7 si kushindwa. Kuanzia 8 kwenda juu ndipo kuna faili lililogoma. Kwa hiyo usije ukaona 1 ukarudia kazi yote.

---

Binti_wa_Rau ameandika:

Salamu kutoka Moshi. Asante mleta uzi, hiyo `arifu` ni nzuri, lakini ina mahali itawadanganya watu wa kanzidata, na naomba niliseme hili kwa uzito kwa sababu ndilo linalopoteza data za watu.

Wengi wetu tunafanya bakapu kwa mstari kama huu:

`pg_dump utafiti | gzip > utafiti.sql.gz`

Hapo kuna amri mbili zimeungwa kwa bomba, ile alama `|`: pg_dump inatoa nakala ya kanzidata ya PostgreSQL, gzip inaibana. Kwa kawaida namba inayobaki mwishoni ni ya ile ya mwisho, yaani gzip. Sasa pg_dump ikikatika katikati, labda muunganisho na kanzidata umekufa, gzip yenyewe haina habari. Inafunga ilichopokea, inaondoka na sifuri. Simu inakuambia IMEFAULU. Wewe unalala usingizi, na kwenye diski kuna nusu ya kanzidata. Utaligundua siku unayoihitaji.

Kwa hiyo kwenye bash tumieni hivi:

`arifu "Bakapu ya utafiti" bash -c 'set -o pipefail; pg_dump utafiti | gzip > utafiti.sql.gz'`

Hiyo `pipefail` inasema sehemu yoyote ya bomba ikifeli, yote ihesabiwe imefeli. Na bado mimi sitosheki. Baada ya hapo nafungua mwisho wa faili:

`zcat utafiti.sql.gz | tail`

Kwenye faili la maandishi la pg_dump lazima uone mstari unaosema `-- PostgreSQL database dump complete`. Usipouona, huna bakapu, hata simu iseme nini.

Jambo la pili, wanaoshughulika na taarifa za wagonjwa au wateja. Ujumbe unapita kwenye seva ya watu wengine na unakaa pale, kwa kawaida saa 12, ili simu iliyokuwa imezimwa iupate ikiwashwa. Ni msaada mkubwa, ila ina maana msiandike humo jina la mgonjwa, namba ya faili wala namba ya simu ya mteja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata ingekuwa haipo, mgonjwa anastahili heshima hiyo. "Bakapu ya usiku: IMEFELI" inatosha kabisa. Anayetaka zaidi ya hapo, ntfy inaruhusu kuiweka kwenye seva yako mwenyewe yenye nenosiri.

---

Kijenge_Juu ameandika:

Dada, hili la bomba lilistahili uzi wake. Wakuu, someni mchango huo mara mbili kabla ya kuendelea.

---

Njiro_Blok_C ameandika:

Naheshimu mawazo ya wenzangu, ila kwa nini tuhangaike na programu mpya wakati Telegram watu wengi tunayo tayari? Unamtafuta BotFather ndani ya Telegram, unamwandikia `/newbot`, anakupa tokeni, yaani ufunguo wa siri wa roboti wako. Halafu unamfungua roboti wako mpya na kubonyeza kitufe cha kuanza. Hatua hii watu wanairuka, kisha wanalalamika hakuna kinachokuja. Roboti haruhusiwi kumwanza mtu ambaye hajamsalimia kwanza. Ukishamwandikia chochote, fungua `https://api.telegram.org/bot<tokeni>/getUpdates` kwenye kivinjari, utaona namba ya mazungumzo yenu. Baada ya hapo:

`curl -s -d chat_id=NAMBA -d text="Render imeisha" https://api.telegram.org/bot<tokeni>/sendMessage`

Faida yake ni kwamba unaweza kumweka roboti kwenye kundi la ofisi. Sisi tuko watu kadhaa, mashine ya kurenda ni moja. Ikimaliza, kila mtu anaona foleni imefunguka, na anayefuata anaweka kazi yake bila kupiga simu kuuliza.

---

Kijenge_Juu ameandika:

Kwa timu nakubaliana na wewe, kundi la Telegram linashinda. Kwa mtu mmoja bado nasimama na ntfy, kwa sababu hakuna siri ya kutunza zaidi ya jina la mada, na mtu anayeanza anafika kwenye ujumbe wa kwanza haraka bila kukata tamaa. Tokeni ya Telegram ikivuja, aliyeipata anamtumia roboti wako apendavyo. Nimeona watu wanaziacha ndani ya skripti wanazopandisha GitHub hadharani. Ikitokea, rudi kwa BotFather, andika `/revoke`, chukua mpya.

---

Tengeru_Juu_Kwa_Juu ameandika:

Wakuu, mimi nimechelewa kuuona uzi. Kazi nimeshaiwasha tangu mchana, na siwezi kuizima kuanza upya na hiyo `arifu`. Nafanyaje?

---

Binti_wa_Rau ameandika:

Kama iko mbele yako kwenye terminali, bonyeza Ctrl+Z. Itasimama kidogo, haifi. Kisha andika:

`fg; curl -d "Imeisha, namba $?" ntfy.sh/mada-yako`

`fg` inairudisha kazi pale ilipoishia, na ikiisha, `$?` inabeba namba yake. Kama iko kwenye dirisha lingine, tafuta namba ya mchakato kwa `pgrep`, halafu kwenye Linux:

`tail --pid=4312 -f /dev/null; curl -d "Mchakato umeisha" ntfy.sh/mada-yako`

Hii ya pili haikuambii imefaulu au imefeli, inakuambia haipo tena. Ni afadhali kuliko kukaa gizani.

Kuna wanaopenda kuchapa amri inayofuata wakati ya kwanza bado inakimbia, ikae kwenye foleni. Kwa ffmpeg msifanye hivyo! ffmpeg inasikiliza kibodi, na herufi `q` kwake ni amri ya kuacha kazi. Ukichapa neno lolote lenye q, inafunga faili na kutoka kwa utulivu kabisa. Ongezeni `-nostdin` kwenye amri yenyewe, itaacha kusikiliza.

---

Tengeru_Juu_Kwa_Juu ameandika:

Dada ubarikiwe, ya Ctrl+Z imefanya kazi. Ila ujumbe umekuja na namba 137. Ni nini hii?

---

Binti_wa_Rau ameandika:

Pole. Namba zinazozidi 128 mara nyingi zinasema mchakato umeuawa kwa ishara. Toa 128, inabaki 9, ambayo ni ile ishara isiyokataliwa. Kama si wewe uliyeiua, basi mara nyingi ni kiini cha Linux chenyewe: RAM imejaa, kikachagua mchakato mkubwa na kuuondoa. Andika `sudo dmesg | tail`, inayoonyesha kumbukumbu za mwisho za kiini, uone kama kuna mstari wa "Out of memory". Ukiukuta, usirudie vilevile. Gawa data yako vipande, au punguza idadi ya kazi ndogo (threads) ambazo programu inaziendesha kwa wakati mmoja.

---

Mzee_wa_Machame ameandika:

Vijana wangu, nimefurahi kusoma. Nimekuwa kwenye kazi ya mitambo ya kompyuta tangu enzi za modemu, na nina neno moja ambalo naona limepita pembeni.

Yote mliyoyaeleza yanategemea mashine iwe hai mpaka mwisho. Umeme ukikatika, LUKU ikiisha, kompyuta ikizimika yenyewe kwa joto, hakuna `curl` itakayokimbia. Mashine iliyozimika haiwezi kukutumia ujumbe kwamba imezimika. Na wewe uliyezoea kupata ujumbe wa kufeli utaona simu imetulia, utadhani kazi inaendelea.

Kwa kazi za kila usiku, geuzeni utaratibu. Mtu wa nje ndiye asubiri habari kutoka kwenye mashine yenu, na asipoipata kwa wakati, yeye ndiye apige kelele. Healthchecks.io wanafanya kazi hiyo. Ni mradi huria pia, na mpango wao wa bure unaruhusu kazi 20. Wanakupa anwani yako, mwishoni mwa skripti unaweka:

`curl -fsS -m 10 https://hc-ping.com/namba-yako/$? > /dev/null`

Kule unawaambia kazi hii ni ya kila siku, wape na nafasi ya kuchelewa, tuseme saa moja. Isipobisha hodi ndani ya muda huo, wanakutumia taarifa kwa barua pepe, Telegram, hata kwa ntfy hiyohiyo mnayoisifia.

Na kwa wale wanaofanya kazi kwenye seva za Ulaya kupitia SSH, njia ya kuendesha mashine ya mbali kwa terminali: mtandao ukikatika hapa kwetu, kazi iliyoko kule inaweza kufa pamoja na muunganisho. Anzeni na tmux, programu inayoiacha kazi iendelee hata mkiondoka: `tmux new -s kazi`, wekeni kazi humo ndani, bonyezeni Ctrl+b kisha d, ondokeni. Mkirudi ni `tmux attach -t kazi`. Bila hivyo mtakuwa mnangoja ujumbe wa kazi isiyokuwepo.

---

Kijenge_Juu ameandika:

Shikamoo mzee. Asante sana. Hili ndilo lililokuwa pengo kubwa la uzi wangu, na naomba kila mwenye bakapu ya usiku alifanyie kazi leo hii.

Nyongeza ndogo kuhusu saa. Seva nyingi za kukodi zinasoma UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ukiiambia cron, programu ya kuanzisha kazi kwa ratiba, ianze 00:00 kwenye seva ya namna hiyo, huku kwetu ni saa tisa usiku. Bakapu iliyopangwa "usiku wa manane" inaweza kuingiliana na mtu anayefungua duka alfajiri. Hakikisheni kwa kuandika `date`.

---

Mzee_wa_Machame ameandika:

Marahaba.

---

UsaRiver_Mtandao ameandika:

Je, mwenye simu ya kitochi? Bosi wangu hana simu ya intaneti na hataki, ila anataka kujua kama mauzo ya siku yameshahifadhiwa.

---

Njiro_Blok_C ameandika:

SMS. Kuna kampuni kama Africa's Talking zinazokupa njia ya kutuma SMS kutoka kwenye skripti kwa curl hiyohiyo. Inalipiwa kwa kila ujumbe, kwa hiyo mtumie mmoja kwa siku, na wewe mwenyewe ubaki na zile za bure. Uzuri wake inafika hata bando likiwa limeisha.

---

Tengeru_Juu_Kwa_Juu ameandika:

Mrejesho: dmesg ilikuwa na "Out of memory" kama dada alivyosema. Nimegawa data, sasa inakimbia ndani ya tmux.

Ila wakuu, kuna jambo. Juzi kazi iliisha wakati intaneti haipo hosteli, na ujumbe haukuja kamwe, hata mtandao uliporudi.

---

Kijenge_Juu ameandika:

Ni kweli, curl ilijaribu mara moja ikakata tamaa. Badilisha ile sehemu ya curl ndani ya `arifu` iwe hivi:

```
  ( until curl -sf -m 20 -d "$jina: $neno, dakika $dakika" \
      ntfy.sh/kijenge-8hq2xw7m > /dev/null
    do sleep 60; done ) &
```

Itajaribu kila dakika hadi ifike, na inafanya hivyo nyuma ya pazia ili isikuzuie kuendelea na terminali. Bando halitaliwa, ujumbe mmoja ni kilobaiti chache tu.

Na kama ujumbe unachelewa kufika wakati mtandao upo, angalia upande wa simu. Simu nyingi za Android zinalaza programu ili kutunza betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iruhusu ntfy ifanye kazi bila kizuizi.

---

Chalii_wa_Sakina ameandika:

Mrejesho wangu na mimi. Nimejaribu robocopy na kadi za leo, simu imelia nikiwa Mianzini nanunua nyama. Imeniletea namba 3. Hiyo haukuitaja, mkuu. Niifomati kadi au nisubiri?

---

Kijenge_Juu ameandika:

3 ni 1 jumlisha 2. Moja inasema mafaili yamenakiliwa, mbili inasema kwenye folda unayopeleka kuna mafaili ya ziada ambayo hayapo kwenye kadi, na hiyo ni kawaida kama unatumia folda moja kwa kadi zote. Hakuna faili lililogoma.

Lakini usifomati bado. Rudi ofisini, linganisha idadi ya mafaili pande zote mbili, fungua video chache za mwisho uzitazame mpaka mwisho wake. Kadi zina majina yanayofanana, C0001, C0002 na kuendelea, na ukipeleka kadi mbili kwenye folda moja faili la kadi ya pili linaweza kukalia la kwanza bila namba yoyote ya kosa. Tengeneza folda kwa kila kadi, rudia kunakili, ndipo ufomati.